Saa Iliyo Chini ya Ukurasa

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi Levina Mlowe aliituma kazi yake duniani, na kila Jumatatu dunia ilikaa kimya. Alikuwa ameshazoea, au ndivyo alivyowaambia waliomuuliza, ingawa siku hizi waulizaji wenyewe walikuwa wameadimika. Alibonyeza, akasubiri mistari ya kijani ipande hadi mwisho, akaandika kwenye daftari lake, "Pazia, toleo la 611, limetoka," kisha akaenda jikoni kubandika chai. Chai ya vikombe viwili. Mkono wake ulikuwa bado haujakubali kwamba Obadia amekufa, na huu ulikuwa mwaka wa nne.

Pazia lilikuwa kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Watoto wa Njombe wa miaka hiyo hata neno lenyewe hawakulijua, kwa sababu kwao mtandao ulikuwa Kioo, basi. Kioo kilikuwa kwenye simu, kwenye ukuta wa zahanati, kwenye mlango wa jokofu. Ukikifungua hukuandika kitu; kilishajua. Kilimjua mtu kwa uso wake, kwa mapigo ya moyo, kwa namna jicho lilivyokawia juu ya neno fulani, na ukurasa mmoja ukifunguliwa na watu wawili ulikuwa kurasa mbili. Levina alimfahamu bwana mmoja wa Makambako aliyeanza kuletewa bei za majeneza wakati mama yake bado anakunywa uji. Mama alifariki baada ya wiki mbili. Watu wakasema Kioo kina akili, na yule bwana akanunua jeneza humo humo.

Pazia halikuwa na akili ya namna hiyo, na lilifanywa hivyo kwa makusudi. Levina na mumewe Obadia walilitengeneza ujanani, enzi vivinjari vilikuwa vingi na kila kimoja kinajisifu kushinda mwenzake. Kimoja kikanunuliwa, kingine kikafa, kingine kikajisalimisha, mpaka kikabaki Kioo na hiki kidogo cha watu wawili wa nyanda za juu ambacho hakuna aliyeona faida ya kukinunua. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na ahadi ya maneno manne: *Hatukujui, na hatutakujua kamwe.* Obadia ndiye aliyeongeza lile "kamwe". Levina alimwambia limezidi, naye akajibu kwamba ahadi isiyozidi kidogo ni ya kisiasa.

Ahadi hiyo ilikuwa na gharama yake. Pazia halikutuma kitu nyumbani kwa watengenezaji wake, hata nukta moja. Kwa hiyo Levina hakuwa na njia ya kujua kama wanaolitumia ni laki moja, au kumi na mmoja, au ni yeye peke yake na viazi vyake na baridi ya Njombe. Hilo la mwisho ndilo lililomkalia rohoni. Mtu anaweza kuvumilia kazi isiyo na shukrani, jamani, lakini kazi isiyo na mtu ni jambo jingine.

Jumatatu hiyo chai ilikuwa bado haijachemka barua ilipoingia. Ilitoka Mamlaka ya Njia za Mtandao, tawi la Njombe, na ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Kila kivinjari kithibitishe idadi ya watumiaji hai wasiopungua mia tano, au kirudishe muhuri. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana.

Muhuri ndio uliokuwa uhai. Tovuti ya benki, ya hospitali, ya shule, ya ardhi, zote zilitazama kwanza muhuri wa kivinjari kabla ya kufungua mlango. Bila muhuri Pazia lingebaki kufungua zile tovuti ndogo zisizouliza kitu: za mbegu, za nyimbo za kanisani, za magazeti ya zamani, za watu waliokuwa bado na kurasa zao wenyewe. Ndicho kilichosalia cha ule mtandao ambao mtu yeyote aliweza kuwa na mlango wake.

* * *

Jumanne aliandika ule mstari.

Ulikuwa mmoja tu, mfupi. Pazia likifunguliwa, litume nukta moja kwake. Si jina, si sura, si ukurasa unaosomwa, ni nukta ya kusema nipo. Levina alizihesabu sababu za kuuandika, nazo zilikuwa nzuri zote. Nukta mia tano, muhuri unabaki, na mtu anayesoma matokeo yake ya hospitali bila kuchunguliwa anaendelea kuyasoma.

Tatizo ni kwamba alijua kazi yake. Hakuna nukta inayosafiri uchi. Ikitoka inabeba anwani ya ilikotoka na saa iliyotoka, na mwenye subira akizikusanya nukta za mwezi mmoja atakuambia mtu analala wapi, anaamka saa ngapi, na Alhamisi huwa anakwenda wapi anakokuficha. Kioo chenyewe kilianza na nukta. Levina aliikumbuka siku ile. Walitangaza kwamba ni hesabu tu.

"Mama yangu alikataa kuhesabiwa watoto," aliwahi kumwambia Obadia, zamani. "Afisa wa sensa alisimama uani, mama akamwambia, wangu hawahesabiwi, wanaitwa. Akawaita mmoja mmoja kwa jina, afisa akahesabu mwenyewe kimoyomoyo."

"Basi sisi ni wabaya kuliko mama yako," Obadia akasema. "Sisi hata majina hatuna."

Alicheka peke yake alipolikumbuka hilo, kisha kicheko kikamgeuka na akalia, akilia waziwazi mbele ya mashine kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Alimtamani mtu wa kumuuliza. Alipomaliza aliupangusa uso kwa khanga, akaufungia ule mstari ndani ya toleo la 612, akaliacha tayari. Ilibaki kubonyeza tu.

* * *

Jumatano alikwenda sokoni kununua mafuta ya taa, akanunua na karanga. Mama wa karanga alimmiminia kwenye karatasi iliyoviringishwa, naye akasimama penye jua akila, maana jua la Njombe likitoka halichezewi. Karanga zilipokwisha aliikunjua karatasi ili aikung'ute chumvi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, iliandikwa: *imechapwa tarehe 9, saa 2:40 asubuhi.*

Aliisoma mara tatu. Akaketi juu ya gunia la viazi la mtu.

Hili lilikuwa kosa la Obadia. Katika toleo la kwanza kabisa ndiye aliyepewa kazi ndogo ya kuandika saa chini ya kila ukurasa unaochapwa. Mashine za dunia nzima huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Obadia, mtoto wa watu, alianza kuhesabu jua linapochomoza, kama alivyofundishwa na nyanya yake. Mwaka mzima ukapita hakuna aliyeligundua, maana wote waliolijaribu Pazia walikuwa watu wa huku, na saa ikionyesha mbili wakati jogoo wameshawika na chai imeshanywewa, nani atashangaa? Walipogundua walisema watarekebisha. Wakasahau. Halafu Obadia akafa, na Levina akaliacha lilivyo, kwa sababu ndio mkono wake uliobaki. Kioo kingeandika 08:40. Hakukuwa na kitu kingine duniani kilichoandika hivi.

Na tarehe tisa ilikuwa wiki iliyopita.

"Mama, karatasi hizi unazitoa wapi?"

"Pale stationery kwa Mama Faraja," akasema mama wa karanga. "Ananipa zilizoharibika. Kwani zimekuchafua?"

"Hapana, mama. Hazijanichafua."

Kwa Mama Faraja kulikuwa na mashine sita mpya ukutani, na moja kuukuu kwenye kona, nyuma ya rafu ya madaftari. Mama Faraja mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kumaliza maneno, na alipoulizwa kuhusu mashine ya kona alishusha sauti hiyo kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni ya wenye shida zao. Ina kitu kinaitwa Pazia. Mtu akija akauliza, ile ya kona ipo, simuulizi neno. Anakaa, anasoma, anachapa, anaondoka."

"Wanakuja wengi?"

"Nikae niwahesabu, mama? Wakiona nawahesabu watarudi?"

"Na hilo Pazia, nani alilitengeneza?" Levina akauliza.

"Mimi nitajuaje? Wazungu, labda. Unataka mashine au unataka maongezi?"

Maneno yalimfika Levina mdomoni: ni mimi, mama, mimi na mume wangu, tulilitengeneza pale nyuma ya hospitali. Badala yake aliomba gunia la karatasi zilizoharibika, za kuwashia jiko, akapewa.

* * *

Alizimwaga mezani Alhamisi asubuhi na kuzichambua. Nyingi zilikuwa za Kioo. Za Pazia zilikuwa saba.

Furaha aliyokuwa nayo hakuwa ameihisi tangu mazishi. Saba. Alizipanga juu ya upande wa meza wa Obadia, akazisoma kama barua alizoandikiwa yeye. Moja ilihusu ukungu wa viazi. Moja ilihusu namna ya kumshitaki msimamizi wa kiwanda. Ya tatu ilikuwa noti za sauti ya pili, wimbo wa sikukuu ya mavuno. Ya nne ilikuwa na kichwa kisemacho: *Kumtafuta mtoto uliyemtoa alelewe na wengine.*

Ya tatu na ya nne zilichapwa siku moja, Jumatano, saa 8:10 na saa 8:14 mchana. Ya tano nayo, Jumatano nyingine, saa 8:12: orodha ya makao ya watoto ya Iringa, miaka ishirini na sita nyuma. Levina hakuwa anatafuta kitu. Akili ilikwenda yenyewe, kwa mazoea ya kazi. Mazoezi ya kwaya ya usharika huisha Jumatano saa nane. Mwenye kupewa noti za sauti ya pili azichape kwa ajili ya wenzake ni mmoja.

Yustina. Mwalimu Yustina, asiyewahi kuolewa, aliyekaa benchi moja na Levina kila Jumapili, aliyemletea uji siku arobaini Obadia alipokufa bila kusema neno moja la faraja, kwa sababu alijua hayasaidii.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na Levina alikuwa amechovya kata kwenye mtungi wa mtu bila hodi. Karatasi tatu za taka zilitosha, na saa ya Obadia ndiyo iliyomwonyesha njia. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa ametafuta wenzake ili asiwe peke yake, na sasa Jumapili ingefika, angeketi karibu na mwanamke huyo akiwa na kitu ambacho hakupewa, na wasingekuwa tena sawa.

Alizitia zote saba jikoni, moja moja, akasimama mpaka zikawa majivu. Kisha alifungua toleo la 612 na kuufuta ule mstari wa nukta. Haukumchukua muda.

* * *

Ijumaa saa nne kasorobo alikuwa kwenye benchi la Mamlaka. Afisa alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Lutengano Mbilinyi, mwenye sweta la kufumwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Juu ya kichwa chake tangazo lilisema kwamba watumishi wote watumie Kioo pekee, na atakayekiuka ataachishwa kazi.

"Kamwene, mama. Karibu uketi."

"Kamwene, baba. Nimeleta fomu."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasita penye kisanduku kikubwa cha katikati ya fomu. Pale palipoulizwa idadi ya watumiaji hai, Levina alikuwa ameandika: *Sijui.*

"Mama Mlowe," kijana akasema polepole, "hapa inatakiwa namba."

"Naelewa. Sina."

"Huwezi kuipata?"

"Naweza. Sitaki."

Lutengano alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Aliisogeza fomu nyuma kwake, pamoja na kalamu. "Mama, mimi siji kwako kukagua. Andika mia tano na ishirini. Mia sita. Nitagonga muhuri, utaondoka, tutaonana mwaka kesho. Hakuna anayeumia."

Levina aliiangalia kalamu, na ilimvuta, hakuna haja ya kudanganya. Lakini alishajua jinsi inavyoanza. Mwaka huu namba ya uongo, mwaka kesho watataka ushahidi wa namba hiyo, na ushahidi ni watu.

"Ahadi yetu ina maneno manne, mwanangu. Nikiandika mia sita nimesema nawajua. Siwajui."

"Kitafungwa, mama." Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Levina hakukielewa, kama mtu anayeombea nafsi yake. "Watu watakikosa."

"Kama wapo," Levina akasema.

Kijana aligeukia mashine yake, akaandika, na printa ya kona ikatoa karatasi mbili. Alizisaini zote. Moja akampa Levina, ya pili akaiweka kwenye trei ya mafaili ya kwenda Dodoma. "Pole sana, mama," alisema, na alimaanisha.

Levina aliisomea barua nje, penye ngazi. Muhuri wa kivinjari kiitwacho Pazia unafutwa leo saa sita mchana. Hakukuwa na kitu asichokitarajia. Aliikunja, na katika kuikunja jicho likashuka mpaka chini ya ukurasa.

*Imechapwa tarehe 18, saa 4:17 asubuhi.*

Alisimama hapo upepo ukimpiga. Ndani ya ofisi iliyolifungia Pazia, chini ya lile tangazo, kijana alikuwa amechapa barua hiyo kwa Pazia. Hakuliona kosa, kwa sababu saa ilikuwa kweli saa nne na dakika kumi na saba, kama angeisema kwa mdomo wake. Levina alitaka kurudi akamshike mikono. Alitaka kumuuliza lini, kwa nini, unapenda nini ndani yake, unasoma nini. Miaka minne ya maswali. Halafu akakumbuka nakala ya pili, iliyokuwa ikisubiri gari la Dodoma, ambako watu walikuwa wengi na mmoja wao, siku moja, angeuliza ni mashine gani inayoandika saa namna hii.

Alipanda ngazi. "Hodi."

"Karibu, mama. Umesahau kitu?"

"Naomba mkasi, baba."

Alimpa. Levina aliitandika barua yake mezani, akaukata ukanda wa chini kwa uangalifu, upana wa kidole kimoja, akauweka mbele ya kijana, maandishi juu. Lutengano aliutazama ule ukanda, akatazama saa ya ukutani ya serikali iliyoonyesha 10:26, akautazama tena ukanda. Rangi ilimtoka. Aliinuka, akaichukua nakala ya Dodoma kwenye trei, akaikata chini kama ya kwake Levina, na zile kanda mbili akazitia mfukoni mwa sweta.

"Sijakuona, mwanangu," Levina akasema.

"Nami sijakuona, mama."

Levina akarudisha mkasi na kuondoka. Hakugeuka nyuma. Angalikuwa amegeuka, angaliuliza.

* * *

Jumatatu aliamka mapema na kulifungua faili ambalo hakuwa amelifungua tangu mazishi. Lilikuwa na mistari kumi na miwili, na juu yake Obadia alikuwa ameandika kwa mzaha: *Saa za nyanya. Msiguse.*

Levina alikaa nalo muda mrefu. Akiliacha, kila karatasi itakayochapwa kwa Pazia itaendelea kusema ilikotoka, na siku moja itamsemea kijana mwingine mwenye sweta, au Yustina, kwa mtu asiye na haya. Akilirekebisha, Pazia litaandika saa kama dunia nzima inavyoandika. Hakutakuwa tena na karanga za kumwambia kwamba yupo mtu. Anaweza kuketi karibu naye kanisani, anaweza kumpita sokoni, na hatajua mpaka anazikwa.

Alirekebisha. Alifuta ile mistari kumi na miwili, na ile ya mzaha juu yake, akaandika mingine. Alichapa ukurasa mmoja wa majaribio. Chini iliandikwa 09:02. Ungeweza kuwa wa mtu yeyote.

Katika maelezo ya toleo la 612 aliandika: *Muhuri wetu umefutwa, tovuti kubwa hazitafunguka, ndogo zitafunguka kama zamani. Tumerekebisha saa.* Akabonyeza, mistari ya kijani ikapanda hadi mwisho, na dunia ikakaa kimya. Levina akaenda jikoni, akabandika chai, akaileta mezani, akaketi upande wake. Akanywa kikombe chake mpaka chini. Kisha akavuta cha Obadia, akakinywa nacho kabla hakijapoa.